Meli kwenda kundi: jibu kwa mzee wa Mwaloni kuhusu askari waliopotea baharini

Pale Mwaloni Kirumba, dagaa wakishapimwa na malori yakishaondoka, kuna mzee hukaa juu ya mtumbwi uliofudikizwa akiziba nyavu. Ziwa hili amelivua tangu akiwa kijana wa kasia, kabla mashine za boti hazijaenea. Siku moja nilipomwamkia alinishika mkono, hakuuachia.

"Marahaba, mwalimu. Wewe unafundisha mambo ya kale, hebu niambie. Baba yangu mkubwa aliingia keya wakati wa vita vya Hitler. Alipandia treni hapa hapa Mwanza. Alikuwa wa mizinga. Nyumbani walikuja kuambiwa maneno mawili tu: amepotea baharini. Sasa mimi ni mvuvi. Nasikia meli zao zilikwenda kundi, na manowari zikiwasindikiza. Mtu akiwatafuta ziwani usiku atawaona upesi mkiwa wengi kuliko ukiwa mmoja. Kwa nini waliwaweka pamoja? Na kama walikuwa na walinzi, walipoteaje?"

Siku ile nilimjibu juu juu, kama mtu anayewahi daladala, na nilipofika nyumbani niliona aibu. Haya ndiyo niliyopaswa kumwambia. Swali lake la kwanza ni la hesabu, na ni hesabu ambayo mfugaji yeyote wa Usukuma anaielewa. La pili ni zito, kwa kuwa jibu lake linahusu mtu kuachwa majini akiwa hai.

Keya ni wale askari wa King's African Rifles. Katika vita vya pili Tanganyika peke yake ilitoa zaidi ya watu 80,000 waliovaa sare, na Wasukuma walikuwa wengi miongoni mwao. Baadhi walipigana Ethiopia na Madagaska. Wengine walipelekwa mbali zaidi, Burma, ambako wazee wetu wanakuita Bama, na huko hapakuwa na njia ya kufika ila kuvuka Bahari ya Hindi. Kijana aliyezoea maji ya Nyanza, maji unayoweza kuyateka kwa kata ukanywa, alifika Mombasa, akaonja chumvi, akapandishwa ngazi ya meli ndefu kuliko mtaa wa kwao.

Mwambao wetu wenyewe uliwahi kuona meli za askari, ingawa kwa kiasi kidogo. Vita vya kwanza vilipoanza mwaka 1914, Waingereza walikuwa Kisumu, Wajerumani Mwanza na Bukoba, na katikati yao ni ziwa. Stima za abiria na pamba kama Winifred, Kavirondo, Nyanza, Usoga na Rusinga zilifungwa mizinga zikaingia vitani. Juni 1915 zilibeba jeshi kutoka Kisumu hadi Bukoba, likaushika mji kwa muda mfupi, likaharibu mtambo wa simu ya upepo, likarudi lilikotoka. Mwaka uliofuata waliichukua kwanza Ukerewe, kisha tarehe 14 Julai 1916 wakaingia Mwanza mjini, Wajerumani wakirudi nyuma kuelekea kusini. Lakini ziwani hapakuwa na nyambizi, zile meli za vita zinazokwenda chini ya maji, na nchi kavu haikuwa mbali. Baharini mambo ni mengine kabisa.

Mfano wa bahari tunao hapa hapa nchini. Oktoba 1914 jeshi la watu wapatao 8,000 liliondoka Bombay kuja kuiteka Tanga. Meli zao za uchukuzi zilikuwa 14, na zilisindikizwa kwa sababu moja kubwa: mahali fulani katika bahari hii ilikuwepo manowari ya Kijerumani iitwayo Königsberg, ambayo tarehe 20 Septemba ilikuwa imeizamisha manowari ya Waingereza, Pegasus, ikiwa bandarini Zanzibar. Msafara ulifika salama, hakuna meli iliyopotea. Ila meli zinazokwenda pamoja hazina budi kufuata mwendo wa ile inayokwenda polepole kuliko zote, kama mifugo inayopelekwa mnadani inavyofuata mwendo wa ndama. Askari walikaa wiki kadhaa wamebanana katika joto, wakitapika, misuli ikilegea. Halafu nahodha wa manowari Fox akatangulia mwenyewe kuingia Tanga kuwaarifu Wajerumani kwamba makubaliano ya kutoushambulia mji yamekwisha. Adui akapata muda wa kuleta watu kwa reli. Walioshuka ufukweni walishindwa vibaya na jeshi la kamanda wa Kijerumani von Lettow-Vorbeck lililokuwa dogo kwao mara nyingi, na mapema Novemba wakapanda tena meli kuondoka. Nalitaja hili mapema kwa sababu wengi hufikiri kazi ya msafara ni kufikisha meli tu. Meli inaweza kufika salama huku askari waliomo wakiwa hoi.

Sasa turudi kwa swali la mvuvi.

Hoja yake, kwamba kundi huonekana upesi kuliko mmoja, ndiyo hoja iliyoshikiliwa na wakuu wa jeshi la majini la Uingereza hadi mwaka 1917. Waliacha meli za mizigo zijiendee moja moja, kila nahodha na bahati yake, nyambizi za Kijerumani zikazimaliza. Aprili 1917 peke yake zilizama meli za zaidi ya tani 800,000. Hapo ndipo walipokubali, kwa shingo upande, kuzikusanya katika misafara, na hasara ikaanza kushuka. Kwa nini ilishuka?

Panda Capri Point saa moja kasoro jioni, utazame boti inayoelekea Ukerewe. Kinachotoweka kwanza ni tumbo la boti, mwisho mlingoti, kwa sababu uso wa maji umejipinda. Mtu ambaye jicho lake liko mita 5 juu ya maji huona upeo ulio kama kilomita 8 tu. Nyambizi ikielea, mlinzi wake yuko karibu na kimo hicho. Akibahatika ataona milingoti au moshi wa meli kwa mbali, tuseme kilomita 20. Kwa hiyo kila meli inatembea na duara lake la hatari, duara ambalo nyambizi ikiwa ndani yake itaiona. Meli 40 zikisambaa baharini ni maduara 40, na nyambizi ikikosa moja itakutana na jingine. Zikusanye zote 40 ziwe msafara wenye upana wa kilomita 5. Duara la kuonekana limekua kutoka kilomita 20 hadi 22 au 23, basi. Umefuta maduara 39, umelipanua moja kidogo, na bahari iliyobaki yote ni tupu. Nyambizi inaweza kukaa wiki nzima bila kuona kitu.

Mzee wangu alikuwa anafikiria ziwa lenye taa za wavuvi wa dagaa, na kwa ziwa hilo yuko sahihi. Misafara ilikwenda bila taa. Madirisha yalizibwa, na kuvuta sigara usiku kwenye sitaha kulipigwa marufuku. Niliwahi kusafiri na Mv Victoria kwenda Bukoba usiku usio na mwezi, na nikiwa kule tezi abiria mmoja akawasha tochi ya simu kutafuta kiatu. Mwanga ule mdogo ulimulika nguzo, kamba, nyuso za watu watano na povu lililokuwa likibaki nyuma yetu. Mtu aliyekuwa gizani mbali na sisi angeuona waziwazi. Kijiti cha kiberiti cha askari mmoja kilikuwa na uwezo huo huo.

Hiyo ni faida ya kujificha. Faida ya pili ni ya ulinzi. Chukua zizi la ng'ombe 100, lizungushie boma. Ukitaka kuweka ng'ombe 400 kwa nafasi ile ile kwa kila mmoja, utahitaji miiba mara ngapi? Wengi hujibu haraka: mara nne. La. Mara mbili tu. Eneo la ndani limeongezeka mara nne, lakini mzunguko wake umeongezeka mara mbili. Sasa weka manowari badala ya miiba. Meli zikiwa nyingi mara nne, walinzi wanaotakiwa kuuzunguka msafara ni mara mbili tu, na fisi aliyefanikiwa kupenya ana meno yale yale: nyambizi ina idadi fulani ya torpido, yaani mabomu yanayojiendesha ndani ya maji, ikishazirusha inapiga mbizi kujiokoa. Mwanafizikia wa Kiingereza Patrick Blackett na wenzake walilipiga hesabu jambo hili katikati ya vita vya pili, wakaona kwamba idadi ya meli zinazozamishwa katika shambulio moja haikutegemea sana ukubwa wa msafara. Basi msafara mkubwa, kwa kila meli iliyomo, ni salama zaidi kuliko mdogo. Wakuu walisita, kisha wakakubali, na kufikia 1944 kuna msafara ulioivuka Atlantiki ukiwa na meli zaidi ya 160.

Kumbuka jambo hili la zizi, kwa sababu linakuja kuuma baadaye. Hesabu ile inamlinda ng'ombe wa wastani. Haimwahidi chochote ng'ombe fulani.

Meli za askari zilikuwa na kanuni zao. Meli ya ngano ikizama wanapotea mabaharia kadhaa na mzigo. Meli ya askari ikizama wanapotea watu elfu mbili kwa dakika chache. Zile zenye kasi kubwa mno ziliachwa zikimbie peke yake. Queen Mary, kwa mfano, ilikuwa na uwezo wa kwenda karibu maili 28 za baharini kwa saa, wakati nyambizi ikiwa chini ya maji ilikwenda maili 7 au 8 tu. Julai 1943 ilibeba watu zaidi ya 16,000 kwa safari moja. Nyambizi haikuweza kuifukuza. Ingeipata tu kama ingekuwa imekaa mbele yake kwa bahati.

Kuhusu kukaa mbele, hapa ndipo penye ufundi wa kulenga. Torpido si risasi. Ile ya Wajapani ilikwenda zaidi ya maili 45 kwa saa, na hiyo ni kasi kubwa sana ndani ya maji, lakini ikirushwa kutoka kilomita 2 bado inahitaji kama dakika moja na nusu kufika. Meli inayokwenda maili 13 kwa saa itakuwa imesogea karibu mita 580. Kamanda wa nyambizi hailengi meli. Analenga maji matupu ambayo meli itayafikia. Kijana aliyewahi kupiga ndege anayeruka kwa manati anajua anavyotakiwa kuitangulizia jiwe. Ndiyo sababu meli za msafara zilikwenda kwa kupindapinda: kila baada ya dakika kadhaa zote zinakata kona pamoja kwa kufuata saa na mpango ulioandikwa, kulia, kushoto, kulia tena. Safari inarefuka, ila hesabu ya anayelenga inaharibika.

Kupindapinda nako kulikuwa na hatari zake. Tarehe 2 Oktoba 1942 Queen Mary ikikata kona zake karibu na Ireland iligongana na manowari iliyokuwa imekuja kuilinda, Curacoa, ikaikata vipande viwili. Walikufa zaidi ya watu 300. Queen Mary haikusimama. Amri ilikuwa kwamba meli iliyojaa askari haisimami kwa sababu yoyote ile, kwa kuwa iliyosimama ni shabaha. Waliokuwa majini waliokotwa na manowari nyingine zilizokuwa nyuma.

Nimelirudia tukio hilo mara nyingi kichwani. Mwanza sisi ni watu tuliozika wapendwa wetu wa Mv Bukoba pale Igoma mwaka 1996, na mwaka 2018 tukawalilia wa Mv Nyerere kule Ukara. Wazo la meli kupita kando ya watu wanaoelea na kuendelea na safari ni gumu kumezeka hapa kuliko pengine popote. Lakini bila kulielewa huwezi kuelewa misafara.

Manowari za kusindikiza zilikuwa za aina mbili kuu, na watu huzichanganya. Kuna kruza, manowari kubwa yenye mizinga mizito, ambayo kazi yake ni kumzuia adui anayekuja juu ya maji, kama Königsberg. Na kuna destroya na ndugu zake wadogo, nyembamba, zenye mbio, zilizobeba mabomu ya kulipuka chini ya maji. Hizi ndizo mbwa wa kuwinda nyambizi. Kruza mbele ya nyambizi haina msaada wowote. Ni shabaha nyingine tu, tena yenye thamani.

Destroya iliitafuta nyambizi kwa sauti. Simama kwenye mawe ya mwambao wetu upige kelele kuelekea jabali la upande wa pili, mwangwi utarudi, na ukihesabu muda utajua jabali liko mbali kiasi gani. Chombo cha destroya kilifanya hivyo hivyo ndani ya maji: kinatuma mlio, kinasikiliza. Siku nzuri kilifika kilomita mbili hivi. Siku mbaya hakikufika hata moja, kwa sababu katika bahari za joto maji ya juu ni ya moto na ya chini ni ya baridi, na mlio ukifika kwenye mpaka huo unapinda, nyambizi inajificha chini yake kama mtu nyuma ya ukuta. Zaidi ya hapo, mlinzi akifika juu kabisa ya nyambizi mwangwi wake unapotea. Anaachia mabomu kwa kukisia, maji yanavurugika kwa mlipuko, na kwa dakika nyingi hasikii kitu.

Umbali nao ulileta taabu yake. Kutoka Mombasa hadi Colombo ni maili za baharini karibu 2,500, siku nane za mwendo wa msafara. Destroya ikienda mbio inakunywa mafuta kupita kiasi, hivyo mara nyingi walinzi walipokezana njiani. Waingereza walijenga kituo cha siri kwenye visiwa vya Addu, kusini kabisa mwa Maldives, ambako meli zilijaza mafuta. Mombasa yenyewe, Kilindini, ilikuwa makao ya kundi lao kubwa la manowari tangu 1942, baada ya Wajapani kuishambulia Ceylon (Sri Lanka ya leo), na katika shule ya Allidina Visram wataalamu walikaa wakifumbua maandishi ya siri ya redio za Kijapani. Hofu haikuwa ya bure: katikati ya 1942 nyambizi za Kijapani zilizamisha zaidi ya meli 20 katika mlango wa bahari wa Msumbiji.

Kufikia mwanzo wa 1944 walinzi wengi wazuri walikuwa kwingine. Atlantiki ilikuwa bado inahitaji, Italia ilikuwa inahitaji, na maandalizi ya kuvuka kwenda Ufaransa yalikuwa yamekwishaanza. Bahari ya Hindi ilipata kilichobaki.

Mapema Februari 1944 msafara ulioitwa KR 8 uliondoka Kilindini kwenda Colombo. Meli za askari zilikuwa tano: Khedive Ismail, City of Paris, Varsova, Ekma na Ellenga, zikiwa na watu zaidi ya 6,000. Walinzi wake walipofika karibu na Maldives walikuwa kruza moja ya zamani, Hawkins, na destroya mbili, Petard na Paladin. Rudia hesabu ya zizi: kwa nyambizi, kruza haihesabiki. Boma lote lilikuwa miiba miwili. Mimi nasema wazi kwamba ulikuwa ulinzi haba kwa roho zile, hata nikijua sababu zake.

Khedive Ismail ilikuwa imebeba watu 1,511. Karibu elfu moja kati yao walikuwa kikosi cha 301 cha mizinga cha Afrika Mashariki, askari wetu pamoja na maofisa wao. Wengine walikuwa mabaharia na wauguzi wa kike. Jumamosi tarehe 12 Februari, saa nane na nusu mchana, bahari ikiwa tulivu na jua kali, watu wengi walikuwa chini ukumbini wakisikiliza muziki. Nyambizi ya Kijapani I-27, chini ya kamanda Toshiaki Fukumura, ikarusha torpido. Mbili ziligonga. Meli ilizama kwa muda usiozidi dakika mbili. Hesabu sekunde hizo ukiwa umekaa chini ya sitaha mbili, ngazi ni moja, na mbele yako kuna watu mia.

Meli nne zilizobaki zilifanya zilivyoamriwa: zilitawanyika zikakimbia, na Hawkins nazo. Hazikugeuka. Paladin ilishusha mashua kuanza kuokota watu. Petard ikaanza kuitafuta I-27, na mwangwi ukaonyesha iko wapi: chini ya watu waliokuwa wakielea.

Waliowahi kuona samaki waliopigwa baruti kule pwani wanajua mlipuko wa chini ya maji unavyofanya kwa kiumbe kilicho karibu. Humpasua kwa ndani. Nahodha wa Petard alilijua hilo, na kila baharia wake alilijua. Upande mmoja palikuwa na mamia ya watu majini, baadhi wakipunga mikono wakidhani wameletewa msaada. Upande wa pili palikuwa na meli nne zenye watu wapatao 5,000 zilizokuwa bado hazijafika mbali, na nyambizi yenye torpido zilizobaki. Aliachia mabomu.

Huo ndio uzito niliousema. Kazi ya kwanza ya msindikizaji haikuwa kuokoa waliozama, wala hata kuua nyambizi kwa ajili ya kuua. Ilikuwa kuufikisha msafara uliobaki. Mwaka 1914, meli za askari wa Australia na New Zealand zilipokuwa zikivuka bahari hii hii, ilisikika habari ya manowari ya Kijerumani Emden karibu na visiwa vya Cocos. Alitumwa mlinzi mmoja tu, Sydney, akaimaliza tarehe 9 Novemba. Wajapani, ambao wakati huo walikuwa upande wa Waingereza, walikuwa na manowari yao Ibuki katika ulinzi ule, na nahodha wake aliomba naye aende kupigana. Alikataliwa. Mlinzi haachi zizi. Kanuni ilikuwa ile ile miaka 30 baadaye, isipokuwa mara hii waliolipa ni watu waliokuwa ndani ya maji.

Mabomu yaliilazimisha I-27 kuibuka. Mizinga ya destroya ilishindwa kulitoboa tumbo lake. Paladin ikaelekea kuigonga, ikakatazwa dakika ya mwisho, ikageuka, na bawa la nyambizi likaichana ubavuni ikabaki ikivuja. Petard ikaanza kurusha torpido zake moja baada ya nyingine. Ya saba ndiyo iliyoipasua. Pambano lilichukua kama saa mbili na nusu. Petard ile ile ilikuwa imekwishazamisha nyambizi ya Kijerumani na ya Kiitaliano. Hakuna manowari nyingine iliyozamisha za mataifa yote matatu.

Waliookolewa walikuwa 214, wanaume 208 na wanawake sita. Waliokufa walikuwa 1,297, wakiwamo wanawake 77. Meli nne zilifika, na askari waliokuwamo wakaendelea na safari. Miezi iliyofuata jeshi la Afrika Mashariki lilikuwa Burma, likipita bonde la Kabaw katikati ya mvua na matope, na Desemba 1944 likauvuka mto Chindwin. Wazee waliorudi na medali, wale tuliowaona tukiwa watoto wakisimama wima kila wimbo wa taifa ulipopigwa, walivuka bahari katika misafara ya namna hii, na sehemu kubwa ya misafara hiyo haikuguswa. Hesabu ya zizi ilifanya kazi. Nasema hivyo kwa moyo mzima, na bado siwezi kuisema bila kuwataja wale wa Khedive Ismail.

Jumamosi iliyopita nilirudi Mwaloni na daftari langu. Mzee alisikiliza bila kuacha kushona. Habari ya maduara na boma la ng'ombe ilimfurahisha. Alinikatiza akaichora mwenyewe mchangani kwa kipande cha mti, zizi dogo na zizi kubwa, akapima kwa hatua, akakubali. Nilipofika kwenye Petard mikono yake ilisimama.

"Huyo nahodha alijua wako hai?"

"Alijua, mzee wangu."

Alikaa kimya muda mrefu. Mawimbi ya boti iliyokuwa ikiondoka yalikuja yakagonga mawe. Kisha akauvuta uzi, akaukata kwa meno.

Nikamwambia kwamba Nairobi, barabara ya Ngong, kuna makaburi ya vita, na ndani yake kuna mnara wa kumbukumbu wa Afrika Mashariki wenye majina ya askari ambao hawana kaburi, wakiwamo wa mizinga waliozama na meli ile. Majina yamechongwa, mtu anaweza kuyasoma na kuyagusa.

"Nairobi," alisema. "Kutoka hapa basi linapita Sirari?"

Nikamwambia linapita Sirari, na linaingia asubuhi.